Kamera haijui inatazama nini: miezi minane ya kujifunza kupiga picha

Kaka yangu aliponikabidhi kamera yake ya kazi, baada ya yeye mwenyewe kuhamia kwenye video na kununua vifaa vingine, kitu cha kwanza nilichokitafuta juu yake ni ile alama ya kijani niliyokuwa nimeizoea kwenye kamera ndogo, alama inayoiambia kamera ifanye kila kitu yenyewe. Sikuiona. Palikuwa na herufi nne tu, P, S, A na M (kampuni nyingine huandika Av badala ya A na Tv badala ya S), pamoja na magurudumu mawili, moja mbele kwa ajili ya kidole cha shahada na jingine nyuma kwa ajili ya dole gumba, na vitufe vingi kiasi kwamba sikujua niishike wapi bila kubonyeza kitu. Kaka aliniachia sentensi moja: "Hiyo haitakuamulia." Nilidhani ananitahadharisha kuhusu ugumu wake. Leo, baada ya miezi minane ya kuitumia karibu kila siku, naona sentensi ile ilikuwa na nusu ya ukweli, kwa sababu kamera hiyo bado huamua mambo mengi sana, na sehemu kubwa ya kujifunza kwangu imekuwa kugundua ni mambo gani inayaamua, kwa kigezo gani, na ni wapi kigezo hicho kinapopotoka.

Wiki za mwanzo picha zangu zilikuwa mbaya kuliko zile nilizokuwa nikipiga kwa simu, na nalieleza jambo hili mapema kwa sababu naamini ndipo watu wengi wanapokata tamaa na kuirudisha kamera kabatini. Nyuso zilikuwa nyeusi mbele ya madirisha, anga lilikuwa jeupe pe, na katika kila picha tatu moja ilikuwa imetikisika. Nilijilaumu bila kuelewa kwamba nilikuwa nikilinganisha vitu viwili visivyofanana. Simu ya siku hizi, unapogusa kitufe mara moja, hupiga picha kadhaa mfululizo, huziunganisha kuwa moja, huangaza sehemu zenye kivuli, hupunguza ukali wa anga na kuondoa madoa, na hayo yote huyamaliza kabla hujaiona picha. Kihisi chake, yaani kile kibapa kinachopokea mwanga, ni kidogo sana, na lenzi yake ni fupi sana, hivyo kitu kilicho karibu na kilicho mbali huonekana vizuri kwa pamoja bila mpiga picha kufikiri. Kamera niliyopewa ina kihisi cha milimita 36 kwa 24, ukubwa uleule wa fremu ya filamu ya milimita 35, na hupiga picha moja tu kila inapobonyezwa. Ukikosea umbali, kosa linaonekana. Ukikosea kiasi cha mwanga, hakuna picha ya pili iliyopigwa kimyakimya kuja kulifunika.

Ushauri niliokutana nao mara nyingi kuliko mwingine wowote ni kwamba anayeanza aiweke kamera kwenye M tangu siku ya kwanza, achague mwenyewe ukubwa wa tundu la lenzi, kasi ya shata (pazia linalofunguka kwa muda mfupi ili mwanga ukifikie kihisi) na ISO (namba inayoamua mwanga huo uangazwe kiasi gani kwenye picha), kwa maelezo kwamba hivyo ndivyo mtu anavyojifunza kweli. Niliufuata kwa wiki tatu, na sasa naupinga kwa moyo wote. Ndani ya kidirisha cha kuchungulia kuna kipimo kidogo chenye sifuri katikati, alama ya kutoa upande mmoja na ya kujumlisha upande wa pili. Nilichokuwa nikifanya kwa wiki zile tatu ni kuzungusha gurudumu moja au jingine mpaka kipimo kisimame kwenye sifuri, kisha nabonyeza. Hiyo ndiyo kazi ambayo kamera ingeifanya yenyewe kwenye P, ambamo huchagua tundu na shata bila kuulizwa, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na ingeifanya kwa usahihi uleule. Nilikuwa nikiitumikia kamera huku nikidhani naiongoza. Mkono ulikuwa wangu, lakini uamuzi ulikuwa wa kile kipimo, na sikuwa nimejiuliza hata mara moja kipimo chenyewe kinapima nini.

Swali hilo lilikuja kwa bahati, siku nilipopiga picha ya shati jeupe lililotundikwa ukutani na kushangaa kuona limetoka la kijivu. Kesho yake nilifanya jaribio ambalo ningependa kila anayeanza alifanye, kwa kuwa linachukua dakika kumi na halihitaji kifaa chochote zaidi. Nilitandaza shuka jeupe karibu na dirisha, nikasogea mpaka likajaza fremu nzima, nikapiga picha nikiwa kwenye P. Nikaliondoa, nikatandaza kitambaa cheusi mahali palepale, kwenye mwanga uleule, nikapiga tena. Nilipoziweka picha mbili sambamba kwenye skrini ya kompyuta sikuweza kusema kwa hakika ipi ni ya shuka na ipi ni ya kitambaa, isipokuwa kwa kutazama mikunjo. Zote mbili zilikuwa za kijivu.

Maelezo yake ni mepesi ukishayapata. Kipimo cha kamera hakipimi mwanga unaokiangukia kitu. Hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu hicho na kuingia kwenye lenzi. Kamera haina njia ya kujua kama mwanga mwingi unaorudi unatokana na jua kali au unatokana na weupe wa shuka. Kwa hiyo imetengenezwa ichukulie kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, kina mng'ao wa kijivu cha kati, kile ambacho kwa desturi ya wapiga picha kinawakilishwa na kadi inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Shuka jeupe hurudisha mwanga mwingi zaidi ya hapo, basi kamera hupunguza mwanga mpaka shuka lishuke kwenye kijivu. Kitambaa cheusi hurudisha kidogo, basi kamera huongeza. Kamera za kisasa huigawa fremu katika sehemu nyingi, huzilinganisha, na baadhi yake hutambua hata nyuso, hivyo hazidanganyiki kirahisi kama zile za zamani. Lakini ukiijaza fremu kwa rangi moja unaiona dhana yao ya msingi ikiwa wazi kabisa.

Kuanzia hapo nikaacha kuiona kamera kama mtaalamu ninayepaswa kumfikia. Nikaanza kuiona kama msaidizi mwepesi na mwaminifu ambaye ana imani moja isiyo sahihi kuhusu dunia, na ambaye ninaweza kumwambia mapema: hapa ongeza, hapa punguza. Kitufe cha kumwambia hivyo kipo, chenye alama ya kujumlisha na kutoa, karibu kabisa na kile cha kupigia picha, na kwa maoni yangu ndicho kitufe muhimu kuliko vyote kwa anayejifunza. Shuka jeupe lilihitaji kuongezewa karibu hatua mbili ili litoke jeupe, na kitambaa cheusi kilihitaji kupunguziwa kiasi kinachokaribia hicho. Hatua moja katika lugha ya upigaji picha ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua kwa nusu. Hatua mbili, basi, ni mara nne.

Niliporudi kwenye zile picha za nyuso zilizoharibika, zote zilisomeka upya. Shangazi yangu ni mtu mwenye ngozi nyeusi sana na nzuri, na nilikuwa nimempiga picha akiwa ameketi kando ya dirisha lililofunguliwa. Dirisha lilijaza mwanga, kamera ikapunguza kila kitu ili dirisha liwe la wastani, na uso wake ukazama. Katika picha nyingine nilikuwa nimemsogelea mpaka uso wake na nguo yake ya rangi ya kahawia iliyokolea vikajaza fremu, na humo kamera ilifanya kosa la upande wa pili: ilimwongezea mwanga mpaka ngozi ikapauka ikawa si yake. Mtu yuleyule, siku ileile, makosa mawili yanayopingana, yote kutoka kwenye dhana moja. Nilimwomba aketi tena. Safari hii niliongeza hatua moja na theluthi mbili kwa ile ya dirishani, nikapunguza theluthi mbili ya hatua kwa ile ya karibu. Alipoziona alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Huyu sasa ni mimi." Sijapata sifa nyingine iliyonigusa kama hiyo tangu nianze.

Kuna kanuni ya zamani ya wapiga picha wa filamu iliyonisaidia kuamini kwamba mwanga una kiasi chake chenyewe, kisichotegemea rangi ya kitu: kwenye jua kali lisilo na mawingu, weka tundu kwenye f/16, na kasi ya shata iwe moja chini ya namba ya ISO, yaani kwa ISO 100 iwe karibu 1/100 ya sekunde. Nilijaribu bila kutazama kipimo hata kidogo. Shati jeupe likatoka jeupe na kiatu cheusi kikatoka cheusi, ndani ya picha moja.

Baada ya kuiacha M nilihamia kwenye A, ambamo mimi nachagua tundu na kamera inachagua shata. Sababu yangu ilikuwa kwamba nilitaka kuinyang'anya kamera uamuzi mmoja tu kwa wakati mmoja, niujue vizuri, ndipo niende kwa mwingine. Nilikaa kwenye A kwa karibu miezi miwili. Mwanzo namba za tundu zilinichanganya, kama zinavyowachanganya wengi, kwa sababu namba ndogo ni tundu kubwa. Nilipojifunza kwamba ile alama ya mkwaju ni ya kugawanya kweli, utata uliisha. Herufi f ni umbali wa fokasi wa lenzi, ile namba ya milimita inayoandikwa juu yake. Kwenye lenzi ya milimita 50, f/2 maana yake ni 50 kugawanya kwa 2, yaani tundu lenye kipenyo cha milimita 25, na f/16 ni tundu la milimita 3 hivi. Mfululizo wenyewe, 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, unaonekana kama umeokotwa ovyo mpaka ugundue kwamba kila namba ni ile iliyotangulia mara 1.4, na kwamba kipenyo kikipungua kwa kiasi hicho eneo la tundu hubaki nusu. Kila namba ni hatua moja ya mwanga.

Lakini tundu halipimi mwanga peke yake. Takriban miaka elfu moja iliyopita Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra na kufanya kazi zake nyingi Cairo, alichunguza picha ya jua lililopatwa inavyojitokeza ukutani mwanga unapopita kwenye tundu la chumba chenye giza, akaeleza kwamba umbo la mwezi mwandamo huonekana tu ikiwa tundu ni dogo, na kwamba tundu likipanuka umbo hilo hupotea. Lenzi imebadilisha mengi tangu hapo, ila uhusiano huo haujatoweka: kadiri tundu linavyokuwa dogo, ndivyo vitu vingi zaidi, vya karibu na vya mbali, vinavyoonekana dhahiri kwa pamoja. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kihisi cha ukubwa huu, ukiwa umbali wa mita moja na tundu likiwa f/1.8, eneo linaloonekana dhahiri lina unene wa sentimita 4 tu hivi. Ukifunga mpaka f/8, linakaribia sentimita 20. Sentimita nne ni chache kuliko umbali wa ncha ya pua mpaka sikioni, na mtu akigeuza uso kidogo tu, jicho moja linabaki ndani na jingine linatoka nje.

Nakiri kwamba nililevywa na f/1.8 kama kila anayeanza. Ule ukungu laini nyuma ya mtu ndio unaoifanya picha ionekane imetoka kwenye kamera kubwa, na kwa wiki kadhaa sikupiga kitu bila huo ukungu. Nilipozipitia picha hizo baadaye niliona kwamba nilikuwa nimefuta mazingira ya kila mtu. Fundi hana karakana, mwanafunzi hana darasa, mtoto hana bustani aliyokuwa akiichezea. Kuna uso tu na rangi zilizoyeyuka. Tangu hapo najiuliza kwanza kama kilicho nyuma ya mtu kinamweleza au kinamsumbua. Kikiwa kinamweleza, naenda f/5.6 au f/8. Upande wa pili pia una mpaka wake: nilipofunga mpaka f/22 nikitarajia kila kitu kiwe dhahiri kupindukia, picha nzima ilipungua ukali, kwa kuwa mwanga unaopita kwenye tundu dogo mno hutawanyika kidogo kila unapopita ukingoni.

Kasi ya shata niliielewa kwa njia tofauti kabisa, kwa kusoma. Kila faili ya picha hubeba ndani yake kumbukumbu ya namna ilivyopigwa: saa, lenzi, tundu, shata, ISO. Jioni moja nilizifungua picha zangu 300 za mwisho, nikaziweka kando zile ambazo hazikuwa dhahiri, nikaandika kwenye daftari kasi ya kila moja. Nilikuwa na hakika kwamba lenzi ina hitilafu. Daftari lilisema vingine: karibu zote zilikuwa kati ya 1/15 na 1/60 ya sekunde. Kwenye A, nikiwa ndani ya nyumba, kamera ilikuwa ikipunguza kasi ya shata ili ipate mwanga, na mimi sikuwa nikiitazama namba ile. Wapo wanaofuata kanuni kwamba kasi isipungue moja chini ya umbali wa fokasi, yaani kwa lenzi ya milimita 50 iwe angalau 1/50, na kwa ya milimita 200 iwe 1/200, na kanuni hiyo ni nzuri kwa mtikisiko wa mikono. Haisemi chochote kuhusu mtu anayepigwa picha. Mtu anayezungumza akitumia mikono anahitaji 1/125 au zaidi, mtoto anayekimbia anahitaji 1/500, na hata lenzi yenye kifaa cha kutuliza mtikisiko haiwezi kumtuliza mtoto.

Hapo ndipo ISO ilipoacha kunitisha. Nilikuwa nimesikia kwamba ISO kubwa huharibu picha kwa kuijaza chenga, yaani vidoadoa vidogovidogo, kwa hiyo niliifungia kwenye 200 kama mtu anayeficha pesa chini ya godoro, na matokeo yake ndiyo yale niliyoyaeleza. Chenga zipo kweli, ila chanzo chake kikubwa ni uchache wa mwanga uliokifikia kihisi. ISO huuonyesha uchache huo zaidi ya kuuumba. Nilipiga picha moja chumbani usiku kwa ISO 6400 na 1/200, na nyingine kwa ISO 400 na 1/13. Ya kwanza ina chenga kila mahali na ina uso wa mtu anayecheka. Ya pili ni safi, na ndani yake hakuna uso. Sasa natumia nafasi ambayo kamera ndogo nyingi nilizowahi kushika hazikuwa nayo: naiambia kamera ijichagulie ISO yenyewe, kuanzia 100 mpaka 6400, kwa sharti kwamba kasi ya shata isishuke chini ya 1/200. Ni uamuzi ambao inaufanya vizuri kuliko mimi, na sioni fahari yoyote katika kuufanya kwa mkono. Hata wale wanaojivunia kupiga kwenye M, wengi wao huiacha ISO ijichague, na maadamu ISO inajichagua, kamera bado ndiyo inayoamua picha iwe na mwanga kiasi gani.

Katika fokasi mambo yalikuwa mepesi zaidi. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe pa kulenga, mara nyingi hushika kilicho karibu zaidi: tawi, bega la mtu, ukingo wa meza. Nilichagua kutumia alama moja tu ya kulengea, ninayoisogeza kwa dole gumba mpaka kwenye jicho la mtu. Kamera mpya hutambua macho zenyewe na kuyafuata, na sina shaka hilo ni jambo jema, ila kusogeza alama kwa mkono kulinilazimisha niamue, kabla ya kubonyeza, ni kitu gani hasa ninachokipiga picha.

Kosa lililonifunza kuliko yote lilitokea mwezi wa tano, kwenye mahafali ya binamu yangu. Usiku uliotangulia nilikuwa nikifanya mazoezi ya kupiga picha za pazia jeupe, nikiwa nimeongeza hatua mbili. Sikuirudisha sifuri. Asubuhi nilifika uwanjani, jua likiwa kali, mashati meupe kila upande, nikapiga picha kwa zaidi ya saa moja. Kamera hii ni ya kioo, na ninachokiona kwenye kidirisha chake ni mwanga wenyewe unaoakisiwa kutoka kwenye lenzi. Hakibadiliki hata ukiongeza hatua tano. Kamera zisizo na kioo zingenionyesha picha iliyofurika mwanga kabla sijabonyeza. Nilitazama skrini ya nyuma mara mbili tatu, lakini chini ya jua lile skrini ilionekana hafifu, na picha iliyozidi mwanga juu ya skrini hafifu huonekana sawasawa kabisa. Hivyo makosa mawili yakafichana. Nilipofika nyumbani na kuzifungua, mashati yalikuwa mabaka meupe yasiyo na mkunjo wala kifungo, na vipaji vya nyuso vilikuwa vimeungua.

Nisingeumia vile kama ningekuwa nimehifadhi RAW, yaani faili ya kile kilichopokelewa na kihisi kabla kamera haijakichakata, ila nilikuwa kwenye JPEG, faili ya kawaida ya picha iliyokwisha kuchakatwa, kwa sababu faili za RAW zilionekana kubwa na nilidhani ni za wataalamu. JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila moja ya rangi tatu, baada ya kamera kuamua nini cha kubaki na nini cha kutupa. RAW ya biti 14, ambayo kamera hii inaweza kuihifadhi, ina ngazi 16,384, nayo haijatupa kitu. Picha iliyozidi mwanga kwa hatua mbili haitaponywa yote hata kwenye RAW, maana kihisi kikishajaa kimejaa, lakini sehemu kubwa ya nyuso zile ningeziokoa. Nilimpigia binamu simu jioni ileile nikamweleza ukweli, kabla hajaziuliza. Alisikitika, na alikuwa na haki ya kusikitika. Picha moja tu ya siku ile ilitoka vizuri, niliyoipiga kivulini, chini ya mti, na ndiyo aliyoiweka kwenye fremu.

Tangu siku hiyo siiamini skrini, naiamini histogramu, ile grafu ndogo inayoonyesha giza kushoto na mwanga kulia. Haitegemei jua lililoko nje wala usiku. Mlima wake ukibanana na ukuta wa kulia najua kuna kitu kimepotea, na siulizi tena kama inapendeza bali ni nini kilichopotea: kikiwa ni jua lenyewe au taa, sijali, kikiwa ni shati la mtu, napunguza. Nahifadhi RAW kila wakati. Faida yake ya pili, niliyoigundua polepole, ni kwamba rangi ya mwanga naweza kuirekebisha baadaye bila hasara, na ndani ya nyumba yenye taa ya manjano ya Kelvini 3000 (Kelvini ndicho kipimo cha rangi ya mwanga) upande mmoja na dirisha la Kelvini 5500 upande wa pili, hilo si jambo dogo.

Kuhusu lenzi sina mengi ya kusema. Kaka alinipa mbili, moja ya kuvuta karibu na nyingine ya milimita 50 isiyovuta, na nimeitumia hiyo ya pili kwa sehemu kubwa ya muda wote huu kwa sababu inaniondolea uamuzi mmoja zaidi. Nikitaka kitu kiwe kikubwa, natembea. Flashi bado sijaigusa. Najua kwamba mwanga wake hupungua kwa mraba wa umbali, kwamba mtu aliye mita nne kutoka kwake hupata robo tu ya kile anachopata aliye mita mbili, na naona wazi kwamba hiyo ni kazi ya miezi mingine minane.

Sasa hivi nikienda kumpiga mtu picha, kamera iko kwenye A, tundu kwenye f/4, ISO ikijichagua, shata ikiwa na mpaka wake wa chini. Kabla sijaiinua mpaka jichoni namtazama mtu na kilicho nyuma yake, najiuliza kama kamera itakiona kuwa cheupe kuliko wastani au cheusi, na kidole changu cha shahada huwa tayari kimekwishagusa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa. Nasogeza alama kwenye jicho. Napiga mbili au tatu, naangalia histogramu mara moja, naendelea na mazungumzo. Kisha, kabla ya kuirudisha kwenye mkoba wake, naishika mbele yangu na kuvirudisha vitu vinne mahali pake, kimoja kimoja, kwa sauti ninayoisikia mwenyewe: mwanga sifuri, ISO mia moja, herufi A, alama katikati.